Mto Sabaki na Njia ya Samaki

(Mazungumzo kwa wakulima na wavuvi wa pande za Malindi na Kilifi)



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mto wetu wa Sabaki, na juu ya samaki ambao mto huo kwao ni njia na nyumba pia. Najua ya kuwa miongoni mwenu wako wakulima wanaokaa kandokando ya mto, kutoka Baricho na Jilore mpaka karibu na daraja. Na wako wavuvi wa Malindi, Mambrui na Ngomeni, ambao macho yao huelekea baharini. Mkulima hudhani kuwa habari za samaki hazimhusu, na mvuvi hudhani kuwa habari za jembe hazimhusu. Shabaha ya maneno yangu ni kuonyesha kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Ukingo wa mto ukibomoka shambani, samaki hupungua mtoni na baharini. Na ukingo ukitengenezwa, samaki hupata tena pahali pa kuzaa, pa kujificha na pa kupita.

MTO UNAKOTOKA

Mto huu una majina matatu. Huko juu, upande wa Nairobi, unaitwa Athi. Unapokea mito mingi midogo, na mmoja wa mito hiyo ni mto wa Nairobi wenyewe, unaobeba takataka za mji mkubwa. Kisha unapita nchi ya Wakamba, ambako mvua ikinyesha kwa nguvu huchukua udongo mwekundu wa miteremko na kuuteremsha mtoni. Baadaye unakutana na mto wa Tsavo, ambao unapata maji safi ya chemchemi za Mzima yanayotoka chini ya vilima vya Chyulu. Tangu hapo jina lake ni Galana. Unapita katika mawe ya maporomoko ya Lugard, unavuka mbuga ya Tsavo Mashariki, na ukifika kwetu unaitwa Sabaki, hata unaingia baharini kati ya mji wa Malindi na Mambrui.

Nimetaja njia hii yote kwa sababu moja. Tone la mvua lililoanguka katika shamba la Machakos huweza kupita Jilore na kufika baharini, na likiwa limebeba chembe ya udongo, chembe hiyo nayo huja. Vivyo hivyo, samaki aliyeingia kwa mlango wa mto hapa kwetu huweza kupanda juu safari ya siku nyingi. Wenye mto ni wengi, lakini mto ni mmoja.

SAMAKI WALIO NA HAJA NA MTO

Sasa natazama viumbe watatu, ili tuone kila mmoja anahitaji nini.

Wa kwanza ni perege. Yuko perege mmoja ambaye ni mwenyeji wa mto huu, na wataalamu wa samaki duniani humwita kwa jina la Sabaki. Samaki huyu amefugwa hata katika nchi za Bara Arabu, kwa kuwa huvumilia maji ya chumvi. Tazameni jinsi azaavyo. Dume huchimba kishimo katika mchanga wa chini, mahali penye maji ya kina kidogo na yasiyokwenda mbio. Jike hutaga mayai katika kishimo hicho, kisha huyaokota kwa kinywa chake na kuyatunza kinywani mpaka watoto watoke. Basi ikiwa sakafu ya mto imefunikwa na tope laini, au ikiwa maji yote yanakwenda mbio bila ya pembe tulivu, perege hana pahali pa kuchimba, na uzazi wake huwa haba.

Wa pili ni mkunga wa mtoni, yule mrefu mwenye utelezi, ambaye wengine humdhania kuwa nyoka. Maisha yake ni ya ajabu. Wataalamu wanaamini ya kuwa mikunga wa pwani hii huzaliwa mbali katika kilindi cha Bahari ya Hindi, upande wa Bukini, yaani Madagaska. Mikondo ya bahari huwaleta watoto mpaka pwani, na wafikapo huwa wadogo, wembamba, na miili yao inapenya mwangaza kama kioo. Huingia katika midomo ya mito na kupanda juu, usiku kwa usiku. Hata mwamba wa maporomoko huweza kuupanda, maadamu una unyevu na mahali pa kujishikiza. Hukaa mtoni miaka mingi, kumi au zaidi, wakila na kunenepa. Wakikomaa huteremka tena mpaka baharini, huenda kule walikozaliwa, hutaga mayai na kufa. Bibi Winifred Frost, mtaalamu wa samaki kutoka Uingereza, aliichunguza mikunga ya Kenya, na taarifa yake ikapigwa chapa mwaka 1955. Kwa hiyo habari za mkunga wetu zilianza kuandikwa zamani, ingawa watu wengi wanaokaa kando ya mto hawajapata kuzisikia.

Wa tatu ni kamba. Kamba wakubwa huzaa baharini, lakini watoto wao hutafuta maji ya chumvi kidogo penye tope na mikoko, karibu na midomo ya mito, ili wakulie humo. Wakipata nguvu hurudi baharini. Ghuba ya Ungwana, inayopokea maji ya Sabaki na ya Tana, ndiyo inayosifika kwa kamba katika Kenya yote. Wavuvi wanakumbuka ugomvi uliokuwapo juu ya meli zenye nyavu za kukokota, hata serikali ikazisimamisha kwa muda mwaka 2006. Watu waligombania kamba waliokwisha kukua. Ni wachache waliouliza habari za malezi yao, na malezi hayo yako mdomoni mwa mto.

MTO ULIVYOHARIBIKA

Pengine mtu atauliza, "Tunajuaje ya kuwa mto umeharibika? Huenda ulikuwa mwekundu tangu zamani za mababu." Swali hili ni la haki, na jibu lake lilipatikana mahali ambapo wengi wasingetazamia, ndani ya tumbawe la Malindi.

Tumbawe kubwa la baharini huongezeka mwaka kwa mwaka, kama mti unavyoongeza pete katika shina. Maji ya mto yakiwa na udongo mwingi, alama yake hubaki katika tabaka la mwaka ule. Wataalamu walitoboa tumbawe moja katika hifadhi ya bahari ya Malindi, lenye umri wa miaka 300 hivi, wakasoma tabaka zake kama mtu asomavyo daftari. Taarifa yao ilitolewa mwaka 2007. Waliona ya kuwa kwa muda mrefu udongo ulioletwa na mto ulikuwa kidogo na wa kipimo kilekile. Kisha, tangu mwanzo wa karne ya 20, ulianza kuongezeka, na ukaendelea kuongezeka. Maana yake ni kwamba wekundu huu wa leo umeletwa zaidi na kazi za wanadamu juu ya ardhi. Na lililoletwa na kazi za wanadamu huweza kupunguzwa na kazi za wanadamu.

Je, uharibifu huo huwapataje samaki? Nitaeleza kwa hesabu ndogo. Tuseme mto una upana wa mita 10 na kina cha mita 1. Kingo zake zina miti, na mizizi imeshika udongo. Sasa miti ikatwe, ukingo ulimwe mpaka kwenye maji, na ng'ombe wateremke popote wapendapo. Mvua ya mwaka ikija, ukingo humeguka kipande kwa kipande. Mto hupanuka mpaka mita 40. Maji ni yaleyale na mwendo ni uleule. Lakini yakitandazwa katika upana huo, kina chake kitakuwa robo ya mita tu. Maji ya namna hiyo hupata joto upesi wakati wa jua kali. Vilindi ambamo samaki walijificha wakati wa kiangazi hujaa mchanga. Mashimo ya mikunga chini ya mizizi hutoweka pamoja na mizizi yenyewe. Ndege na watu huwaona samaki waliosalia kama vitu vilivyowekwa sinia.

Baharini nako mambo huonekana. Wakati wa kaskazi, maji mekundu ya mto husukumwa kusini kuelekea Malindi na hifadhi yake, iliyowekwa mwaka 1968. Wakati wa kusi husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui na Ungwana. Wenyeji wa Malindi wanajua jinsi mchanga ulivyoongezeka katika ghuba yao, hata maji kupwa yakawa mbali na mahali yalipokuwa zamani.

Walakini sitaki mtu aondoke hapa akidhani kuwa udongo wote ni adui. Mto huleta pia chakula cha kamba na cha samaki wadogo, na tope la mlango wa mto ndilo linalowalisha ndege wengi wanaosafiri kutoka nchi za mbali. Mto usioleta kitu chochote ungekuwa maskini. Tunachotafuta ni kipimo. Chumvi katika mchuzi hupendeza. Lakini ukimimina kibaba kizima, chakula hakiliki.

MFANO WA NCHI ZA MBALI

Katika Marekani, upande wa Bahari ya Pasifiki, yuko samaki mkubwa aitwaye samoni. Maisha yake ni kinyume cha maisha ya mkunga wetu. Samoni huzaliwa mtoni katika changarawe, huenda baharini kukua, kisha hurudi mtoni kutaga mayai. Watu wa kule waliziba mito kwa kuta za mabwawa, wakanyoosha mikondo yake na kukata miti ya kingo, na samoni wakapungua sana.

Liko jambo moja linalofaa kulikumbuka. Katika miaka ya 1950 na 1960 watu wa kule waliondoa magogo yaliyoanguka mitoni, wakiamini kuwa wanawasafishia samaki njia. Baadaye waligundua ya kuwa magogo yale ndiyo yaliyofanya vilindi, yakapunguza mbio za maji na kuwapa samaki wadogo maficho. Siku hizi wanatumia fedha nyingi kuyarudisha magogo mtoni. Basi mtu akiona gogo limelala mtoni, asifanye haraka kulitoa. Huenda gogo hilo ni nyumba ya mtu mwingine.

Kuta nazo zimeanza kuondolewa. Katika mto wa Elwha kazi ya kubomoa mabwawa mawili ilianza mwaka 2011 na kumalizika mwaka 2014. Katika mto wa Klamath mabwawa manne yalibomolewa, na kazi ikaisha mwaka 2024. Mwaka uleule samoni walionekana wakipanda juu ya mahali ambapo ukuta wa kwanza ulikuwa umewazuia. Hakuna aliyewafundisha njia. Njia ilipofunguliwa, walipita.

MFANO WA HAPA NYUMBANI

Mfano wa Marekani ni mzuri, lakini wale wana fedha na mitambo. Tutazame mfano wa watu wenye majembe kama sisi, tena wanaokaa katika mto huuhuu, upande wa juu.

Katika miaka ya 1930 miteremko ya Machakos ilikuwa imechakaa vibaya, nayo mifereji ya mvua ilikuwa ikikata ardhi kama kisu. Serikali ya wakati ule iliona dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 watu waliondoka na kwenda Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Serikali ililegeza amri yake, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alipelekwa kifungoni Lamu, hapa pwani yetu. Jambo lililoshindwa kwa nguvu lilikuja kufaulu kwa njia nyingine. Wakulima walipoona ya kuwa tuta huzuia maji yasipotee, na ya kuwa shamba lenye tuta hutoa mahindi zaidi na hata mazao ya kuuza, walichimba matuta wenyewe, kwa vikundi vyao vya kusaidiana. Moja ya njia zao ni kuchimba mtaro na kuutupa udongo upande wa juu, na jina la njia hiyo, "fanya juu", limeenea katika vitabu vya ukulima vya nchi nyingi, likiandikwa kwa Kiswahili hivyohivyo. Mwaka 1994 wataalamu watatu walitoa kitabu kikubwa juu ya habari hii. Walionyesha ya kuwa toka mwaka 1932 mpaka 1990 watu wa sehemu zile waliongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo ardhi ilitunzwa vizuri kuliko zamani.

Kaunti ya Makueni nayo ilitunga sheria mwaka 2015 ya kuhifadhi mchanga wa mito, kwa kuwa malori yalikuwa yakiuchukua mpaka mito ikabaki mawe matupu. Haya ni maendeleo ambayo sisi wa chini tunapata faida yake, ingawa hatukuinua jembe.

SASA TUFANYE NINI

Twende kwenye kazi yenyewe. Nitaitaja moja baada ya moja.

Kwanza ni ukingo. Yafaa kuacha kipande cha ardhi kando ya maji ambacho hakilimwi kila mwaka. Mahali palipo uchi papandwe matete na majani yenye mizizi mirefu, na nyuma yake miti ya asili inayopenda maji, kama mikuyu, na penye ardhi kavu kidogo mikwaju na mikoma. Majani hushika udongo upesi. Miti huchukua miaka, lakini ndiyo itakayotoa kivuli na magogo.

Pili ni mifugo. Ng'ombe lazima wanywe, hapana shaka. Lakini yafaa kijiji kichague mapito machache, mahali penye mawe au mteremko mdogo, na mifugo yote iteremkie hapo. Mahali pengine pazuiwe kwa miiba. Mapito kumi yaliyotunzwa ni bora kuliko ukingo mzima uliokanyagwa.

Tatu ni makorongo yanayoingia mtoni. Korongo huzibwa kutoka juu kuelekea chini, kwa vizuizi vidogo vya mawe na matawi, kimoja baada ya kingine. Mtu akianza kwa ukuta mmoja mkubwa huko chini, mvua moja tu itauondoa. Na juu ya korongo, mashamba ya mteremko yachimbwe matuta.

Nne ni vilindi. Mchanga usichukuliwe ovyo katika mkondo na chini ya kingo. Magogo yaliyoanguka yaachwe, isipokuwa yale yanayoelekea kugonga nguzo za daraja au mabomba ya maji.

Tano ni njia ya mkunga. Mahali popote watu wajengapo kizuizi ili kupata maji ya kumwagilia, wasiuache ukuta kuwa mkavu na laini toka ukingo mmoja hata wa pili. Upande mmoja uachwe mteremko wa mawe ya kukwaruza, upitao maji kidogo, ili mikunga wadogo wapate kujishikiza na kupanda. Gharama yake ni ndogo sana ikifanywa wakati wa kujenga, na ni kubwa mtu akikumbuka baadaye.

Sita ni uvuvi wenyewe. Kutia utupa majini ni kuua yai, mtoto na mzazi kwa siku moja. Kuvua kwa vyandarua vya mbu ni vivyo hivyo, maana hakuna kitoto cha samaki kinachopenya. Mvuvi afanyaye hivi hula mbegu yake.

Saba ni mlango wa mto. Mikoko iliyoota yenyewe katika tope jipya isikatwe. Lakini watu wasiende kupanda mikoko kila mahali kwa kuwa jambo hilo linapendwa. Sehemu za tope zilizo wazi ni malisho ya ndege, na mti uliopandwa mahali usipopapenda utakufa. Mchu na mkoko haviishi mahali pamoja. Kwanza waulizwe wazee wanaojua bamvua hufika wapi.

MANENO YA WANAOPINGA

Najua ya kuwa wako watakaosema, "Huyu anatuambia tuache ukingo, na ukingo ndio shamba letu lililo bora. Mwaka wa njaa, ni hapo tu panapobaki unyevu. Watoto wetu hawali kivuli." Maneno haya ni ya kweli, wala hayafai kujibiwa kwa dharau.

Natupime. Kanuni za maji za mwaka 2007 ziliweka ukingo wa kuhifadhiwa kuwa si chini ya mita 6, wala si zaidi ya mita 30. Mkulima ambaye shamba lake limefuata mto kwa urefu wa mita 100, akiacha mita 6, ameacha kadiri ya sehemu moja katika saba ya ekari. Jambo hili mtu huweza kulivumilia, hasa akikumbuka ya kuwa mto wenyewe humnyang'anya zaidi ya hapo kwa mafuriko machache. Lakini akiambiwa aache mita 30, ameacha karibu robo tatu za ekari. Kwa mwenye ekari mbili, hilo ni jambo zito. Kwa hiyo kipimo kisitajwe ofisini kwa kalamu tu. Kitembelewe kwa miguu, pamoja na mwenye shamba, mahali kwa mahali, na mipaka iwekwe kwa mapatano kabla ya mvua.

Tena mzigo huu usiwe wa mkulima peke yake. Ni nani wanaopata faida mto ukipona? Mvuvi wa Ngomeni hupata kamba. Mwenye hoteli wa Malindi hupata bahari safi. Na watu wa Malindi, Kilifi na Mombasa hunywa maji yanayovutwa kutoka visima vya Baricho, katika mchanga wa mto huuhuu wa Sabaki. Kila afunguaye bomba mjini ana deni kwa ukingo. Basi ni haki miji isaidie kwa miche, kwa mbegu za majani ya kulishia ng'ombe, na kwa ujira wa vijana wanaoziba makorongo. Mkulima anayekata majani ya ukingoni na kuuza kwa wafugaji wakati wa kiangazi hatasema kuwa amepoteza shamba. Atasema kuwa amebadili zao.

VYAMA VIWILI, MEZA MOJA

Sheria za Kenya zimewapa watu vyama vya kufanyia kazi hii. Wakaaji wa mtoni wanaweza kuwa na chama cha watumiaji wa maji, na wavuvi wana vikundi vya kusimamia fukwe. Cha kwanza hushughulika na maofisa wa maji, cha pili na mabwana samaki. Kila kimoja kina kikao chake na daftari lake. Shauri langu ni kwamba vyama hivi vikutane walau mara mbili kila mwaka, kabla ya mvua ya mwaka na kabla ya vuli. Mvuvi aseme aliyoyaona mlangoni mwa mto; mkulima aseme aliyoyaona ukingoni. Wachague pamoja kipande kimoja cha mto, hata kikiwa cha mita 500 tu, wakitengeneze, na wakipime upana na kina chake kila mwaka kwa kamba na mti. Baada ya miaka mitatu watakuwa na ushahidi wao wenyewe, wala hawatahitaji kuamini maneno ya mtu kama mimi.

Vyama hivyo pia ndivyo vitakavyouliza maswali juu ya mambo makubwa ya huko juu. Mwaka 2018 ulianza ujenzi wa bwawa la Thwake, kati ya Makueni na Kitui, lenye ukuta wa mita 80 hivi. Bwawa huzuia tope, na hilo laweza kutufaa. Lakini huzuia pia mkunga, na hubadili mafuriko na maji ya kiangazi. Watu wa Sabaki wana haki ya kuuliza: Tutaachiwa maji kiasi gani wakati wa jua? Samaki watapita wapi? Swali la mtu mmoja hupotea njiani, lakini swali la vyama viwili vyenye daftari na vipimo hupata jibu.

MWISHO

Kazi hii haitaki haraka. Matete hushika ukingo kwa msimu mmoja au miwili. Mkuyu hutaka miaka mingi kabla ya kutia kivuli majini. Na mkunga mdogo aingiaye mwaka huu huenda asiteremke baharini mpaka mtoto aliyezaliwa leo awe mwanafunzi wa darasa la juu. Lakini uharibifu nao haukuja kwa siku moja. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mto wetu una nyufa nyingi, na bado nyingi zake zinazibika kwa jembe, kwa mawe na kwa mche mmoja mmoja.

Mvua haiko mbali. Mwenye korongo na akaanze na korongo lake. Mwenye ng'ombe na akachague mapito. Mwenye wavu na atazame matundu yake. Na mtakapoketi pamoja, mkulima na mvuvi, msisahau kuuacha upande mmoja wa kizuizi uwe na mawe na unyevu, kwa ajili ya yule mgeni mdogo atokaye upande wa Bukini, ambaye hupita usiku wakati sisi tumelala.

Haya ndiyo niliyotaka kuwaambia.